Aliyekufa Nje ya Mpango

Ilikuwepo nchi moja, na kwa bahati mbaya bado ipo, iliyopangwa vizuri kuliko nchi zote duniani. Jina lake tuliache. Mji mkuu wa nchi hiyo ulikuwa na Mpango Kabambe mmoja tu, uliochorwa miaka arobaini na mitatu iliyopita na mtaalamu kutoka ng'ambo. Mtaalamu huyo alikaa hotelini wiki tatu, akaumwa tumbo, akamaliza kuchora, akaondoka. Mpango wake ukawekwa ndani ya kioo na kutundikwa ukutani katika jengo la Idara ya Mipango Miji na Mwitikio wa Mabadiliko ya Jamii, na kila asubuhi watumishi walipita mbele yake wakiinamisha vichwa kidogo, kama mtu apitaye mbele ya mkwe.

Ulikuwa mpango mzuri. Ulichorwa kwa ajili ya watu elfu arobaini. Sasa mji ulikuwa na watu milioni mbili, lakini hilo halikuwa kosa la Mpango.

Na asije mtu akasema kwamba Idara haikuitikia mabadiliko ya jamii. Iliitikia mpaka ikachoka. Viwanda vilipofungwa na akina mama wakaanza kukaanga samaki kando ya barabara ili watoto wale, Idara ilifanya semina ya siku nne, ikachora soko la ghorofa mbili. Lilichorwa na vyoo vyake na taa zake. Siku ya pili yake mgambo wakaanza kumwaga mafuta ya moto mtaroni, wakiwauliza wale akina mama kwa uchungu wa kweli: mbona hamwendi kwenye soko mlilochorewa? Vijana walipokosa kazi wakajazana vijiweni, Idara ilichora uwanja wa gofu. Na mwaka ule wa mafuriko, ilipobainika kwamba maji yanapita ndani ya nyumba za watu bila kibali, Idara iliyaandikia maji barua ya onyo, nakala kwa Mkuu wa Mkoa.

Chande Mwinyikai aliyakumbuka yote hayo, maana yote yalimpitia mgongoni. Alikuwa fundi wa kuchomelea mageti, na alikaa Chumvini.

Chumvini palikuwa na watu elfu sitini, misikiti mitatu, makanisa matano na bucha moja. Lakini kwenye Mpango palipakwa rangi ya buluu, pakaandikwa kwa herufi nzuri: ZIWA LA MAPAMBO. Inasemekana yule mtaalamu alipenda bata. Ziwa halikuchimbwa hata koleo moja, ila Mpango ni Mpango, na kwa mujibu wa Mpango watu elfu sitini walikuwa wanaishi majini. Kwa hiyo hawakupewa bomba, maana nani apeleke maji ziwani? Hawakupewa barabara, kwa kuwa lami haimwagwi juu ya maji. Mwaka juzi walipopeleka wajumbe kulia kiu, Idara ilisikia kilio chao, ikaja na ngoma na viti vya plastiki, ikawakabidhi maboya mia tatu ya kuokolea wanaozama. Watu walipiga makofi. Wafanyeje? Waliyageuza viti vya kukalia vibandani.

*

Mke wa Chande, Mwanaidi, alikuwa na pumu. Siku hiyo jua limechomoza tu, kifua kikambana. Chande akapiga simu, na gari la wagonjwa likaja kweli, tena upesi. Lilisimama pale lami inapoishia.

"Ingia, ndugu yangu, ni nyumba ya saba tu," Chande akamwambia dereva, anahema.

"Mzee, gari la serikali haliingii ziwani," dereva akajibu kwa upole. "Likizama, nalipa mimi. Mlete hapa mpaka ukingoni."

Chande alirudi mbio, akambeba mkewe mgongoni kama gunia la makaa, akapita naye kwenye uchochoro ambao gari hupita kwa kugusa mabaraza. Alihesabu milango. Kwenye mlango wa tano mikono iliyomshika shingoni ikalegea. Aliendelea kwenda mpaka lami, akijua, kwa sababu miguu ilikataa kuambiwa. Dereva alivua kofia, akasema pole, akaandika kwenye karatasi yake kwamba mgonjwa hakupatikana.

Bi Kirembo, jirani wa ukuta mmoja, ndiye aliyemwosha. Mwanamke huyu mdomo wake ulijulikana mpaka kituo cha polisi, lakini siku hiyo aliosha kimya. Maalim Shebe, imamu wa msikiti wa kona, akamshika Chande mkono.

"Maiti hasubirishwi, mwanangu. Adhuhuri tumswalie, tumsitiri. Jua lisizame akiwa juu ya ardhi."

"Tumzike wapi, Maalim?"

Hapo Maalim alikohoa. Makaburi ya zamani ya Chumvini, yaliyokuwa nje kidogo ya mpaka wa ziwa, yalikuwa yamefukiwa mwezi uliopita na Idara, kwa ajili ya barabara ya njia sita iliyoitwa Barabara ya Mwitikio. Makaburi ya mitaa mingine yalidai barua ya mwenyekiti wa mtaa, na ziwa halina mwenyekiti. Wanaume wakaangaliana. Mwisho wakachukua majembe, wakaenda nyuma ya nyumba ya Chande, kwenye kitalu ambako marehemu alipanda mchicha.

Walikuwa wamefika magotini mgambo walipotokea. Watu wa Chumvini hawakuwahi kujua mgambo hutokea wapi. Ukiwaita hawaji, ukipiga jembe moja wako nyuma yako.

"Mnafanya nini?"

"Tunachimba kaburi."

"Mna kibali? Huo ni uendelezaji holela wa ardhi."

"Uendelezaji gani? Hatujengi kitu!"

"Mnaendeleza kuelekea chini," mgambo akasema, akakusanya majembe.

*

Afisa Mwitikio wa Idara, Bwana Anselmi Kitundu, aliingia ofisini saa nne. Chande alikuwa ameketi kwenye benchi tangu saa mbili, pamoja na Mzee Pazi wa Chumvini. Mzee Pazi alikuwa kikongwe mkorofi, mwenye jicho moja zima na ugomvi na kila mtu. Alikuja bila kuombwa. Alisema hajaiona ofisi ile tangu ilipomfukuza kazi.

"Karibuni, karibuni wananchi," Bwana Anselmi alisema. Alikuwa kijana nadhifu, mwenye sauti ya mtu anayesoma risala. "Idara hii ni sikio. Leteni mabadiliko yenu, nasi tutayaitikia."

"Mke wangu amekufa," Chande akasema. "Naomba nimzike uani kwangu. Futi sita. Leo, kabla ya magharibi."

"Poleni sana. Uani kwako ni wapi?"

"Chumvini."

Bwana Anselmi akatikisa kichwa kwa huzuni. "Mzee wangu, Chumvini ni ziwa. Hatuzikii maiti ziwani. Tunachafua vyanzo vya maji! Tufikirie kizazi kijacho, jamani."

"Hakuna maji kule. Tunanunua maji ya madumu."

"Hayo ni maoni." Akachukua fomu. "Hata hivyo Idara haikwami. Utaomba kubadili matumizi ya ardhi, kutoka ziwa kwenda kaburi. Tangazo litabandikwa siku tisini ili wenye pingamizi wajitokeze. Kisha mkutano wa hadhara, na mlengwa lazima ahudhurie mwenyewe, tusije tukaambiwa hatukumshirikisha. Marehemu alikuwa na umri gani?"

"Arobaini na mmoja."

Kalamu ikasimama. Bwana Anselmi akafungua kitabu kinene, akateremsha kidole, akaguna.

"Hapa ndipo penye tatizo. Kwa mujibu wa Mpango, kufikia mwaka huu mkazi wa mji huu anaishi miaka themanini na mmoja. Makaburi tuliyapanga kwa hesabu hiyo. Huyu mama amekufa nje ya Mpango."

Chande alimtazama. Mwanaidi alikuwa amelala kwenye kitanda cha kamba, amefungwa sanda, nzi wanafukuzwa na upepeo wa Bi Kirembo, na joto la Chumvini halijui kusubiri siku tisini.

"Bwana mkubwa," akasema polepole, "mimi sijui kusema. Nakuomba kama anavyoombwa mtu mwenye mama. Nisaidie."

"Nami nakusaidia!" Bwana Anselmi alisema, ameumia kabisa. "Tafuteni barafu."

Ndipo Mzee Pazi akasimama na kuusogelea Mpango ukutani, pua ikagusa kioo.

"Kijana. Hii zambarau hapa juu kilimani ni nini?"

"Usiguse kioo, mzee. Hayo ndiyo makaburi ya mji. Hekta kumi na mbili."

"Yapo?"

"Kama yamechorwa, yapo. Mpango haukosei."

"Na mtu akitaka kuzika humo anahitaji kibali?"

"Hata kidogo! Ni haki ya kila mwananchi, awe wa umri wowote. Ibara ya tisa."

"Tuandikie."

Bwana Anselmi aliandika. Wasimlaumu watu. Katika miaka yake sita ya kazi hajatokea mwananchi hata mmoja aliyeukubali Mpango kama ulivyo, na machozi yalimlengalenga akigonga muhuri. Hakuwahi kwenda kutazama zambarau ilikuwa wapi ardhini. Kazi yake ilikuwa ukutani.

Nje, ngazini, Mzee Pazi aliikunja barua akaiweka kifuani kwa Chande. "Mimi ndiye niliyemshikia yule mzungu mnyororo wa kupimia, nikiwa na miaka thelathini na mitano. Kilima kile kwa miguu yangu nimekipima. Unajua pana nini sasa?"

Chande alijua. Geti la pale alilichomelea mwenyewe. Ilikuwa nyumba ya Mkurugenzi wa Idara.

*

Waliswali adhuhuri, wakalinyanyua jeneza. Walioanza walikuwa arobaini. Walipovuka Barabara ya Mwitikio walikuwa mia nne, kwa kuwa kubeba jeneza ni thawabu na mtu hupokezana bega na asiyemjua. Wanawake kwa desturi hubaki nyumbani. Bi Kirembo alijifunga kanga kiunoni akafuata nyuma kabisa. "Adabu nimeiacha ndani," alimjibu Maalim kabla hajaulizwa. "Nimeifungia mlango."

Kilimani pana upepo na nyasi zinazonyweshewa na mipira inayozunguka yenyewe. Mlinzi wa geti aliona jeneza, akasahau alichofundishwa. Chande akapitisha mkono kwenye tundu, akalinyanyua komeo kwa namna anayoijua aliyelitengeneza tu, geti likafunguka bila kelele. Wakaliweka jeneza juu ya nyasi. Wanaume wakaanza kupima kibla.

Mheshimiwa Mkurugenzi, Profesa Mhandisi Philemoni Bwigane, alitoka na kitambaa cha chakula kifuani.

"Nini hii? Nani hawa? Nyumbani kwangu?"

"Shikamoo mheshimiwa," Chande akasema. Akanyoosha barua. "Tumekuja kuzika. Hapa ni makaburini. Barua hii hapa."

Mkurugenzi aliisoma mara mbili. Aliugeukia muhuri, akaukuta ni wake. Kwa miaka kumi na saba alikuwa amezunguka nchi nzima akihutubia kwamba Mpango ni mama, Mpango ni msahafu, asiyeheshimu Mpango abomolewe. Bendera zilishonwa zenye maneno hayo. Akaangalia nyasi, akaangalia jeneza, akaangalia watu mia nne ambao kwa mara ya kwanza maishani walikuwa wanatii sheria.

"Ndugu wananchi," alianza, maana mdomo wake haukujua njia nyingine, "mji ni kiumbe hai! Mji hupumua! Mpango usiobadilika ni maiti..." Akatazama jeneza, akakatisha. "Ni... ni kitu kisichofaa."

"Chimbeni," Mzee Pazi akasema.

"Ngojeni!"

Jembe la kwanza lilikuwa limeshakata nyasi. Basi hapo watu waliona muujiza ambao wazee wao walikufa bila kuuona: Mpango Kabambe ukibadilishwa. Mkurugenzi aliagiza nakala, akaitandaza juu ya boneti ya gari lake. Akapiga simu kwa wajumbe wa Kamati mmoja mmoja. Mmoja alikuwa kwa kinyozi akinyolewa, mwingine alikuwa harusini. Wote wakakubali. Pingamizi? Hakuna. Siku tisini zikahesabiwa kwamba zimepita. Mkutano wa hadhara ukaonekana kuwa tayari upo pale, hadhara yenyewe imesimama kwenye nyasi. Kalamu ya zambarau haikupatikana, ikachukuliwa ya mjukuu wake anayesoma chekechea. Kazi yote ilichukua dakika kumi na moja.

"Makaburi ya mji yanahamishwa kutoka kilimani," Mkurugenzi akatangaza, jasho likimtiririka. "Ziwa la Mapambo, Chumvini, linafutwa kuanzia saa hii! Mzee, nenda kamzike mkeo uani kwako. Serikali yenu imeitikia."

Kelele iliyopigwa ilitisha kunguru. Ziwa limefutwa! Watu wazima walikumbatiana mbele ya jeneza, wakaoneana aibu, wakakumbatiana tena. Watapata bomba. Watapata barabara. Bi Kirembo alilia kwa mara ya kwanza siku hiyo. "Ona, Mwanaidi," alisema kwa jeneza, "umekausha ziwa, shoga yangu." Chande alipeana mkono na Mkurugenzi, akasema ahsante mara tatu. Hilo la ahsante ndilo lililokuja kumnyima usingizi.

Mzee Pazi peke yake hakushangilia. Alikuwa anachungulia boneti kwa lile jicho moja.

"Zambarau kaipaka wapi?" aliuliza. Hakuna aliyemsikia.

*

Walimzika saa kumi na moja na nusu, jua likiwa bado limeshika mabati. Chande aliingia kaburini mwenyewe kumpokea. Alimlaza, akamfungua kamba za sanda, akatoka na udongo mpaka kwenye nyusi. Maalim alikuwa katikati ya dua mlio wa gari uliposikika.

Lilikuwa lori la Idara. Liliacha lami, likaingia Chumvini moja kwa moja, likigonga mabaraza na kuta za vyoo, mpaka nyumba ya saba. Asubuhi palikuwa ziwa, sasa ni nchi kavu. Wakashuka vibarua na nguzo mbili na bango ambalo rangi yake ilikuwa mbichi, na askari mmoja mwenye daftari. Bango likasimikwa. Askari akalisoma kwa sauti, kwa faida ya wasiojua kusoma.

"Kwa mujibu wa Marekebisho ya Kwanza ya Mpango Kabambe, eneo lote la Chumvini ni makaburi ya mji. Ni marufuku kwa mtu aliye hai kulala, kupika, kufua, kufanya biashara au kuzaa katika eneo hili. Heshimuni marehemu. Kufungwa saa kumi na mbili jioni."

Mchanga uliteleza kutoka kwenye koleo.

"Wewe," Bi Kirembo akasema mwisho, "nani kaomba haya?"

Askari akafunua. "Mwombaji ni Chande Mwinyikai."

Watu wote wakamgeukia. Walikuwa wale wale waliombebea mkewe jua kali kupanda na kushuka kilima, na mikono yao ilikuwa bado na udongo wa kaburi lake. Chande alisubiri matusi. Angeyashukuru. Hakuna aliyemtukana. Mzee mmoja alisema, "Haya," kama mtu aliyeambiwa mvua inakuja, akaenda kuwakusanya wajukuu wake. Bi Kirembo aliingia ndani, akatoka na sufuria ya wali wa msiba, bado unafuka moshi. Akasimama nayo uchochoroni, akageuka huku, akageuka kule, hajui aiweke wapi.

"Niliomba futi sita," Chande akasema. Hakuwa anamwambia mtu. "Futi sita tu."

"Mheshimiwa hakutaka kukupa kidogo," askari akasema.

Mpaka jua linagusa paa la msikiti, magodoro yalikuwa yanapita kichwani, mitungi, vitanda, kuku waliofungwa miguu. Watu elfu sitini wakaanza kutoka kwa uchochoro ule ule mmoja, wakijipanga kando ya Barabara ya Mwitikio, ambako kukaa pia ni marufuku. Maalim alimaliza dua akiwa amebaki yeye, mfiwa, na kikongwe Pazi, aliyechuchumaa kando ya kaburi akimlaani mzungu aliyekwisha kufa zamani.

Chande alimfuata askari.

"Afande, mimi nibaki. Niangalie kaburi tu. Hapa ni kwangu."

Askari alifungua daftari jipya, lenye karatasi zilizoshikana bado, akasoma mstari wa kwanza, ambao ulikuwa mstari pekee. "Mkazi halali wa eneo: Mwanaidi binti Salehe."

"Huyo ni mke wangu."

"Basi unaruhusiwa kumtembelea. Jumamosi, saa nne hadi saa sita."

"Na mimi niandike. Jina langu lifuate la kwake."

Askari hakuwa mtu mbaya. Alimtazama kuanzia miguuni hadi kichwani, taratibu, kama fundi cherehani anayepima kwa macho, akafunga daftari.

"Wewe bado, mzee," akasema. "Toka nje kwanza, tufunge."